Sauti Imerudi Kufanya Nini?

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza: mtu aliyenyang'anywa sauti tangu utotoni, siku akirudishiwa, atasema neno gani kwanza? Usinijibu haraka. Swali hilo nusura livunje uchumba wa watu wawili waliokuwa wakipendana kweli kweli.

"Futa huo weusi," alisema Dairekta. "Unganisha mtungi na harusi, tumalize kazi."

"Hapaungani," alijibu Mkasi.

Walikuwa wamekaa bega kwa bega katika chumba cha kuhariria filamu. Zamani kilikuwa stoo, nyuma ya nyumba ya mama yake Dairekta. Kutani walipigilia magodoro yaliyochakaa ili sauti za nje zisiingie, na dirishani lilining'inia blanketi la kijivu. Kazi ya huyu binti ilikuwa kukata picha na kuziunganisha, na kwa hilo wenzake walimbandika jina la Mkasi. Mwanaume aliyekaa naye ndiye aliyeiongoza filamu, na ndiye aliyemvisha pete.

Filamu yenyewe ilikuwa ngano ya watoto, aliyosimuliwa Mkasi na bibi yake. Aliwahi kumsimulia Dairekta siku umeme ulipokatika, naye akaishikilia mpaka akaifanya filamu. Mama wa kambo anamwibia binti sauti, anaifungia mtungini, mtungi anautupa kisimani. Kijana wa mfalme anapita mara ya kwanza, anasikia wimbo unatoka chini ya maji. Mara ya pili anashuka, anashindwa. Mara ya tatu anautoa mtungi, anaupasua kwa jiwe, na sauti inamrudia binti. Kisha harusi.

Sasa, kati ya kupasuka kwa mtungi na hiyo harusi, kioo cha kompyuta kiligeuka cheusi tii, na maandishi meupe katikati: HAPA BADO. Ndivyo wahariri wanavyofanya pakikosekana kipande, ili wasije wakasahau. Mkasi aliuweka weusi huo mwenyewe. Hakutumwa na mtu.

"Hakuna kilichobaki hapo," alisema Dairekta. "Hadithi ina miguu mitatu. Kupoteza, kutafuta, kupata. Yote ipo."

"Ipo, lakini yote ni ya kijana. Yeye ndiye anayetafuta, yeye ndiye anayepata. Binti umemwachia mguu gani?"

"Binti amepata sauti."

"Imerudi kufanya nini? Tangu irudi hajasema hata abee."

"Tena na mume amepata."

"Huyo mume alimwomba nani?"

Dairekta akacheka, akamfinya shavu kidogo kama kawaida yake.

"Mkasi wangu, hii ni ngano. Watoto hawaulizi mambo hayo. Kesho mwenye ukumbi wa sinema anakuja kuiangalia. Akiipenda, inaonyeshwa likizo nzima. Akiikataa, tumeliwa. Weusi nisiuone."

Simu yake ikalia, akatoka nje akiongea.

Hata mlango haujatulia, akaingia mama yake. Mama huyu alikuwa na tabia ya kupiga hodi akiwa ameshafika katikati ya chumba.

"Hodi humu. Usiinuke mwanangu, endelea na mambo yako. Napima dirisha tu."

Mkononi alikuwa na futi, ile ya chuma inayojikunja yenyewe.

"Dirisha la nini, mama?"

"La pazia. Haya magodoro yakishatoka, hewa itapita vizuri humu. Na kitanda cha mtoto nimeona kikae hapo hapo ulipokaa wewe."

Mkasi akatazama alipokaa. Kiti chake kilikuwa cha magurudumu, moja limekufa, na mto wake aliushona kwa mkono kutoka kwenye suruali mbovu ya Dairekta.

"Mtoto gani, mama?"

"Mjukuu wangu. Si mnaoana? Mwenzio kaniambia ukishaolewa unapumzika, filamu ijayo ameshampata mhariri mwingine. Nikasema afadhali. Macho yako siku hizi mekundu, kila nikikuona nadhani umetoka kukata vitunguu."

"Mimi sijaambiwa."

Mama akaachia ncha ya futi. Ikajirudisha yenyewe, chap.

"Hujaambiwa?"

"Ndiyo kwanza nasikia kwako."

"Basi mimi sijasema kitu," alisema mama, akatoka kwa ncha za vidole kana kwamba kuna mtu amelala.

Mkasi hakulia. Alichukua simu akaandika: "Umempata mhariri mwingine?"

Jibu likaja: "Ah, mama huyo. Nilitaka iwe zawadi yako ya harusi. Si ulisema umechoka?"

"Nilisema nimechoka. Sikusema nimeacha."

"Tutaongea mwenye ukumbi akishakubali. Kwa sasa weusi tu, mpenzi wangu." Na mioyo myekundu imepangwa mbele.

Akaivua pete, akaiweka juu ya meza. Akaitazama, akaivaa tena. Wewe usimcheke. Dairekta alikuwa mwanaume anayemletea chai mwenyewe, tena anaimimina kutoka kikombe hiki kwenda kile, kile kwenda hiki, mpaka ipoe, kwa sababu anajua Mkasi huungua ulimi. Umeme ukikatika alimpepea kwa kipande cha boksi. Kumwacha mtu wa namna hiyo si sawa na kukata kipande cha picha. Lakini kukaa naye huku kila jambo analipanga yeye, nako Mkasi alishaona kunampeleka wapi. Kunampeleka kisimani.

Akampigia bibi yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Leo umekumbuka kwamba una mke mwenza?"

"Nimekukumbuka, mke mwenzangu. Nina swali. Ile hadithi ya mtungi. Mtungi ukishapasuka, binti anasema nini?"

Upande wa pili redio ikapunguzwa.

"Anaolewa."

"Kabla hajaolewa, bibi."

"Kabla..." Bibi akafikiri. "Sijui. Hapo nyie mlikuwa mmeshalala. Na mimi nilikuwa naikimbilia harusi ili nikalale."

"Kwa hiyo hapo hujawahi kupasimulia?"

"Nani aliniuliza? Hata mimi niliposimuliwa nililalia hapo hapo."

Mkasi akacheka, halafu kicheko kikamwisha.

"Na wewe bibi, siku unaolewa ulisema nini?"

"Mimi? Nilikuwa jikoni. Nikasikia vigelegele, nikajua yamekwisha."

"Hukuulizwa?"

"Babu yako alikuwa mtu mwema, sitamsema vibaya. Ila nilikuwa jikoni." Bibi akakohoa. "Haya, kata simu, salio lako litakwisha."

Mkasi akaweka simu chini, akaanza kazi.

Alizifungua picha zote zilizotupwa, zile ambazo mtu mwingine hapotezi muda kuzitazama. Unajua, Dairekta akisema "kata", waigizaji wanaacha kuigiza, lakini kamera hubaki inarekodi kidogo. Humo ndimo Mkasi alimokuwa akichakura. Na akapata. Mtungi umeshapasuka, sauti ya Dairekta inasikika ikisema "kata", kijana wa mfalme anajikuna mgongo na kwenda zake kunywa maji. Mwigizaji wa kike bado ameketi chini. Hajui kama anaangaliwa. Anaokota vigae vya mtungi kimoja kimoja, anaviweka mapajani polepole, ameipa kamera kisogo. Kisha anainua kichwa kama mtu anayetaka kusema jambo.

"Wewe ndiye niliyekuwa nakutafuta," Mkasi alimwambia.

Akamkata kijana pale alipoanza kujikuna. Ikabaki kusemwa kitu. Mwigizaji mwenyewe alikuwa safarini, na katika hali hiyo mhariri huweka sauti yake kwanza, ya kushikia nafasi, mpaka mwenyewe arudi. Mkasi akazima feni, akajifunika blanketi la dirishani pamoja na kipaza sauti, akasema maneno. Akasikiliza. Yametoka kama tangazo la mnada. Akafuta. Akafikiria kile kitanda cha mtoto mahali pa kiti chake, akarudia. Safari hii hakufuta.

Asubuhi Dairekta akaja na vikombe viwili, anamimina huku na kule.

"Weusi vipi?"

"Pale ulipokataa haupo tena."

"Ndiyo maana nakupenda wewe."

"Na lile la mhariri mwingine?"

"Leo jioni tunakaa tunaongea. Naapa. Sasa hivi mwenye ukumbi yuko njiani, nionee huruma."

Akampa chai, imepoa kabisa kama anavyoipenda. Mkasi akainywa yote. Alipotoka Dairekta, akachukua ule mto wa kitini, akachukua na hedifoni zake, akavitia kwenye begi, akaliweka begi mlangoni pa sebule. Alishaamua. Mtu asiyemuuliza leo, kesho atamuuliza nini? Ama atoke humo ameulizwa, ama atoke na begi.

Mwenye ukumbi alikuwa mzee mwembamba, mpole, mwenye kufuta miwani kila baada ya muda. Sebuleni walishafunga shuka jeupe ukutani na mapazia wameyabana kwa vibanio vya nguo. Mama alikaa kiti cha mbele kabisa. Dairekta hakukaa, alisimama nyuma anang'ata ukucha. Mkasi akawasha projekta.

Kijana alipita kisimani mara ya kwanza, akapita mara ya pili. Mama aliguna mahali pa kuguna. Mara ya tatu mtungi ukatoka, jiwe likashuka, mtungi ukapasuka.

Harusi haikuja.

Binti aliketi chini akiokota vigae, mgongo wake mwembamba umejaa shuka lote. Akainua kichwa. Na sauti ikasema, taratibu, bila kulia:

"Umenitolea sauti yangu, asante. Sasa keti hapa uniulize ninachotaka, maana hukijui."

Shuka likawa jeusi. HAPA BADO.

"Umeme umekatika?" aliuliza mwenye ukumbi.

"Umeme upo," alisema Mkasi.

"Mbona kijana hajibu?" Mama aligeuka kitini. "Kaambiwa neno la maana kabisa."

Dairekta akaja mbele, kivuli chake kikaangukia yale maandishi.

"Ile ni sauti yako."

"Ya kushikia nafasi."

"Na maneno?"

"Na yenyewe yameshikilia nafasi. Yanamsubiri mwenyewe ayasikie."

Mwenye ukumbi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nyie mnisikilize, mimi nina safari. Ukumbini kwangu, ngano ikifika kwenye harusi, watu huanza kupapasa viatu chini ya viti. Wanajua imekwisha. Leo mimi sijapapasa kiatu. Hiki kipande nakitaka. Lakini siwezi kuwaonyesha watu weusi. Kijana anajibu nini?"

"Sijampiga picha akijibu," alisema Dairekta.

"Basi kampige. Nitasubiri."

"Kabla ya kwenda kumpiga huyo," mama alidakia, "mjibu na mwenzio. Umenifanya nimpimie dirisha mtu ambaye hajaambiwa. Nimejisikia mwizi ndani ya nyumba yangu."

"Mama, tafadhali."

"Tafadhali nini? Mimi nilikwambia uoe. Sikukwambia uhamishe fanicha."

Mwenye ukumbi akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Dairekta akataka kucheka, ikashindikana. Ndipo jicho lake likaangukia begi pale mlangoni. Zipu haikufunga vizuri, na kona ya ule mto, ile suruali yake ya zamani, imechungulia. Akautambua. Uso ukamshuka.

Akavuta stuli, akaisogeza mbele ya Mkasi, akaketi.

"Nilidhani nakupumzisha."

"Najua."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ningekataa. Ndiyo maana hukuuliza."

Alifikicha macho.

"Huyo mhariri mwingine nitampigia leo, nimwambie nafasi haipo," alisema mwishowe.

"Umeanza tena. Umeamua tena peke yako."

Mama akafumba mdomo kwa kiganja. Dairekta akatazama shuka, akatazama begi, kisha akamgeukia Mkasi, na safari hii alimtazama kama mtu anayesoma kitu kwa mara ya kwanza.

"Mkasi."

"Abee."

"Unataka nini?"

Alishayapanga maneno yake tangu jana, yamenyooka, yana mwanzo na mwisho. Yote yakamkimbia. Ikabidi aseme yaliyobaki.

"Nakutaka wewe," alisema. "Na kiti changu nakitaka, pale pale kilipo, magodoro yasiguswe. Mtoto akija tutamtafutia chumba. Na siku ya harusi sitaki kuwa jikoni. Nataka nikae mbele, niulizwe, nijibu kwa sauti, mpaka bibi yangu atakayekaa kiti cha mwisho anisikie."