Saa ya Bibi Odette

Saa ile haikupaswa kusikika. Ilikuwa saa ya kike ya betri, nyembamba, ya dhahabu, isiyo na hata mshale wa sekunde, na mtu akitaka kuusikia mlio wake alilazimika kuibana sikioni na kuzuia pumzi. Lakini jioni ile Mireille alikuwa jikoni akimenya viazi, saa iko juu chumbani mkononi mwa binti yake Solène, na aliisikia. Tik. Kimya. Tik.

Akaweka kisu chini. Jikoni mlinuka benzini na pipi za mnanaa. Mtu mmoja tu alikuwa akinuka hivyo katika nyumba ile: mama mkwe wake, Odette, aliyetumia ujana wake wote kiwandani akipachika mishale kwenye saa za wanawake, akisafisha vidole kwa benzini na kumumunya pipi. Na Odette walikwishamzika kabla theluji haijaanguka.

Huko milimani Jura, mtu akifia nyumbani, dirisha hufunguliwa ili roho ipite, na saa zote husimamishwa mpaka jeneza litoke. Yvan, mume wa Mireille, alifanya kama alivyolelewa. Aliisimamisha saa ya ukutani, na ile saa ndogo ya mama yake akaivuta kifundo cha pembeni, kile cha kurekebishia majira, mishale ikatulia. Lakini Mireille ni fundi saa, na mafundi saa wana ugonjwa wao: hawawezi kupita mbele ya saa iliyosimama wakaiacha. Maiti ingali kitandani, yeye aliiona saa juu ya kabati, akawaza betri ile ya zamani itavuja na kula mashine, akaweka mpya, akarudisha kifundo ndani. Alifanya kwa mapenzi, ili Solène abaki na kumbukumbu ya bibi yake. Hakumwambia mtu. Baada ya mazishi akamfunga mtoto saa mkononi.

Solène alishuka kula. Aliinama juu ya sahani, jicho moja kalifinya, akaanza kuokota chembe za mkate kwa ncha za vidole viwili, moja moja, na kuzipanga.

"Kula vizuri, mwanangu," Mireille alisema.

"Mkwe," mtoto akajibu bila kuinua uso, "wewe una vidole vya kumenya viazi. Nani alikuruhusu kushika saa?"

Yvan akacheka mpaka akapaliwa. "Maneno ya mama hayo. Msikie anavyomwiga."

"Yvan, mguse mkono."

Akamgusa. "Baridi kidogo. Ni majira ya baridi, mke wangu, unataka awe na joto la mkate?"

Hofu ilikwishamwingia Mireille. Mtoto wa miaka sita hakuwa ameyasikia maneno yale. Odette alimtania Mireille nayo wakati Solène hajazaliwa.

Asubuhi, Yvan alipokwenda kazini, Solène hakuamka. Alilala macho nusu wazi, midomo imepauka. Mireille akaifungua saa mkononi mwake. Mkono ulikuwa baridi kama chuma kilicholala nje, lakini mgongo wa saa ulikuwa na joto. Akaubandua mgongo huo kwa kisu chake cha kazi, akachomoa betri, akaitia mfukoni mwa aproni.

Mlio haukukoma.

Akashika kifundo cha mkono wa mtoto kutafuta mapigo, akayapata, dhaifu, na saa ikapiga, na mapigo yakapiga, na saa, na mapigo, pamoja, hayapishani, na hapo akaelewa ni nini kilichokuwa kikiiendesha saa ile, na kwa hofu akafanya kile ambacho mkono wa fundi ulikijua, akavuta kifundo cha pembeni, mishale ikasimama, na Solène naye akasimama, kifua hakipandi wala hakishuki, mpaka mama yake alipokirudisha kifundo ndani na mtoto akavuta pumzi kama aliyetolewa majini.

Akampigia simu Bi Georgette Cattin, mmoja wa wale wanaoitwa wenye siri, waganga wanaoponya kwa maneno, aliyekaa ng'ambo ya bonde, ambaye watu humpigia mtu akiungua au akivuja damu, naye husoma maneno yake huko huko aliko na hapokei malipo.

"Dirisha mlifungua?" Bi Cattin aliuliza.

"Tulifungua."

"Saa mkasimamisha?"

Mireille akaitazama saa.

"Mwanangu, nakuuliza."

"Yake niliiendesha tena," akanong'ona. "Kabla hajatoka nyumbani."

Bibi kizee akashusha pumzi. "Alikuwa mlangoni, ukamwita arudi. Sasa sikiliza. Fungua dirisha la chumba alichofia. Saa ivae wewe, maana ni wewe uliyemwita. Halafu vuta kifundo. Atakung'ang'ania, usiachie. Na kisirudishwe tena ndani, unanisikia? Ardhi ikilainika mtaizika pamoja naye."

Mireille akafungua dirisha, theluji ikaingia. Akajifunga saa. Joto lake likamnata kwenye ngozi, harufu ya benzini ikamjaa kooni, vidole vikavu visivyoonekana vikamshika vyake na kuvibana visisogee, na sauti aliyoijua ikamwambia sikioni, polepole, karibu kwa upole, kwamba bado mapema, mkwe, bado mapema, niache nimwone akikua, naye akalia, maana kwa kweli alimpenda mwanamke yule, akalia huku anavuta, mpaka kifundo kikatoka. Pazia likapepea kuelekea nje. Pakawa kimya.

"Mama," Solène aliita kutoka kitandani, "nina njaa."

Alimbeba hadi jikoni, akamketisha karibu na jiko, akampa supu ya moto. Rangi ikarudi mashavuni. Saa akailaza mezani, kifundo nje, pale anapoiona.

"Usiiguse."

"Sitaigusa, Mama."

Ndipo akakumbuka dirisha. Sakafu ya juu ingekuwa imejaa theluji. Akapanda mbio, akalifunga, akasimama kidogo akiufuta uso wake.

Chini mlango ukafunguliwa. Yvan alikuwa amerudi mapema. Akamsikia akikung'uta viatu, akimbusu mtoto, akicheka.

"Hebu ona, wameiacha saa ya mama imesimama. Nyumba ya mafundi hii."

"Yvan, usi—"

Mkono wa Mireille ukaenda kwenye mfuko wa aproni. Betri ilikuwamo, baridi, chini ya kidole gumba chake.

"Hii hapa," sauti ya Yvan ikasema kwa furaha, "nimekirudisha kifundo ndani, inakwenda vizuri tu."

Toka juu, kupitia mbao za sakafu, Mireille aliisikia. Tik. Kisha kijiko kikawekwa chini, na sauti ya Solène, iliyotulia, yenye kikohozi kidogo cha kizee, ikasema:

"Ahsante, Yvan mwanangu."