Video ya Mtaro Wetu

Saluni ya Mkono Mwepesi hufunguliwa mapema kuliko maduka yote ya mtaa ule. Mwenyewe hufagia, huosha vitana, kisha hufuta vumbi kwenye picha za mitindo zilizojaa ukutani. Watu walimpa jina hilo kwa sababu akikusuka huumii. Wasusi wengine hukuvuta nywele mpaka nyusi zinapanda juu. Kwake unaweza hata kusinzia kitini, na wengi husinzia.

Zile picha za ukutani yeye huziita sampuli. Nyingi si kazi yake. Alizitoa mtandaoni. Mteja akiingia huonyesha kwa kidole, "Nataka kama hii," basi. Kila mtu anajua, na hakuna anayelalamika. Lishike neno hilo sampuli, msomaji, maana ndilo lililomponza.

Nyumba yake iko nyuma ya saluni. Kati ya mlango wa nyumba na njia ya mtaa umepita mtaro mrefu usio na kifuniko. Watu huuvuka kwa ubao. Siku moja mvua ilinyesha, ubao ukateleza, na mama mkwe wake akaangukia mtaroni pamoja na fimbo yake. Hakuvunjika, lakini goti liliumia, na moyo ukaumia zaidi. Tangu siku hiyo hakutoka tena nje. Alikaa mlangoni akiwatazama watu wakipita upande wa pili.

"Mama, twende nikushike mkono," Mkono Mwepesi alimwambia.

"Nishikwe mkono kama mtoto anayejifunza kutembea? Acha nikae."

Huyu alikuwa mama ambaye zamani usingekaa naye nusu saa kabla hajasema anatoka kidogo. Mkono Mwepesi alimpenda sana, na kumwona amefungiwa na mtaro kulimchoma.

Wakati huohuo halmashauri ilikuwa inaandaa sheria ndogo kuhusu mitaro. Tangazo lilibandikwa kwenye ofisi ya mtaa. Lilisema mitaro ya barabara kuu itafunikwa. Mitaa ya ndani haikutajwa. Wananchi walikaribishwa kutoa maoni kwenye mkutano wa halmashauri kabla sheria haijapitishwa.

"Maoni?" Mkono Mwepesi alisema. "Nitawapa maoni ya kwenye simu!"

Ukurasa wake mtandaoni ulikuwa na wafuasi wengi, wapenzi wa nywele. Akachukua simu, akapiga video ya mtaro. Alipoitazama akaguna. Siku hiyo jua lilikuwa kali, mtaro ulikuwa umekauka, na ulionekana mdogo tu. Hautishi. Basi akaingia mtandaoni, akatafuta, akapata video ya mtaro mwingine mkubwa, maji meusi yamefurika, gari limezama nusu. Akaiunganisha na ya kwake. Mwishoni akaweka picha ya mama mkwe akitolewa mtaroni, ambayo jirani alikuwa ameipiga siku ile. Akaandika: "Huu ndio mtaro wetu. Viongozi wamelala fofofo!"

Hakuona ubaya wowote. Kwake ilikuwa sampuli. Watu waone mtaro mbaya unafananaje.

Kufika mchana, kila simu ya mtaa ilikuwa na video ile. Kufika kesho yake, mtu mmoja aliandika, "Video hii ni ya nchi nyingine kabisa, tena ya zamani." Mwingine akaandika, "Muongo huyu. Labda hata huyo bibi amelipwa." Diwani naye akaandika kwa kifupi kwamba halmashauri itashughulikia mambo ya kweli.

Lakini lililomuumiza kuliko yote lilikuwa nyumbani. Jirani alikuwa amemwonyesha mama mkwe ile picha.

"Mwanangu," mama mkwe alisema bila kuinua sauti, "umenianika mbele ya watu nikiwa nimelowa matope. Uliniuliza?"



Jioni ilipokaribia, wifi yake alifika. Huyu ni mtangazaji wa redio ya jamii, dada wa mume wake, mwenye sauti kubwa na maneno makali. Alivuka ubao, akamsalimia mama yake, kisha akamgeukia msusi.

"Wifi, umeamua kutumaliza kwa aibu? Wenzangu redioni wananiuliza gari letu lililozama ni la rangi gani."

"Wifi, usinitanie, naumwa. Nilitaka watusaidie tu. Hata kule saluni nabandika picha zisizo zangu, hakuna anayeniita muongo."

Wifi akavuta kigoda, akakaa. Sasa hakutania.

"Sikiliza. Picha ya saluni inamwambia mteja, naweza kukusuka hivi. Ni ahadi. Video ya malalamiko inasema, jambo hili limetokea hapa. Huo ni ushahidi. Mtu anayeandika sheria akikuta kipande kimoja cha uongo, anatupa vyote, hata goti la mama. Umewapa sababu ya kutotusikiliza."

"Sasa nifanyeje? Nifute ninyamaze?"

"Ufute, ndiyo. Kunyamaza, hapana! Andika wazi kwamba ulikosea na video ile si ya hapa. Watu husamehe anayekiri. Halafu piga ya kwako mwenyewe. Ionyeshe mahali, kama kibao cha saluni, ili yeyote aweze kuja kuhakikisha. Sema tarehe. Usitukane mtu. Na mtu yeyote utakayemwonyesha, muulize kwanza."

"Nikishairusha?"

"Hapo ndipo wengi hukosea. Wanarusha mtandaoni, wanapata pongezi, wanakwenda kulala. Sheria haiandikwi mtandaoni, wifi. Tangazo limesema wananchi watoe maoni. Siku ya mkutano tunakwenda na video yetu na maoni yaliyoandikwa, yapokelewe rasmi."

Mkono Mwepesi aliifuta video ile palepale. Kuandika kwamba amekosea kulimchukua muda, maana kidole kilikuwa kizito. Aliandika hata hivyo. Wengine walimcheka. Wengi walimwandikia kumpongeza.

Kisha akaenda kwa mama mkwe, akapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Safari hii nakuomba ruhusa. Ukikataa, sitapiga."

Mama mkwe akamwinua. "Nitakataaje? Aliyeanguka ni mimi, nitaongea mimi. Ila si na matope. Nisuke kwanza."

Basi akamsuka, polepole, mistari myembamba iliyonyooka. Mama mkwe akavaa gauni lake zuri, akasimama mlangoni, fimbo mkononi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na maji yalipita kwa kasi mtaroni. Upande wa pili kibao cha saluni kilionekana vizuri. Fundi viatu wa jirani na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni nao walikubali kuonyesha wanavyovuka. Mkono Mwepesi akataja tarehe, kisha akamwelekezea simu mama mkwe.

"Mimi ni mkazi wa mtaa huu," mama mkwe alisema. "Nilianguka hapa ubao ulipoteleza. Sheria yenu inataja mitaro ya barabara kuu. Ni vizuri. Lakini mimi sikai barabara kuu. Nakaa hapa."



Siku ya mkutano ukumbi wa halmashauri ulijaa. Mkono Mwepesi alikabidhi maoni yaliyotiwa saini na majirani, kisha video ikaonyeshwa. Ofisa wa mipango akainua mkono.

"Samahani, dada. Si wewe uliyeleta ile ya gari?"

Watu wakacheka. Msusi akasimama.

"Ni mimi. Nilikosea, nikaifuta, na nikasema mbele ya watu wote. Hii nimeipiga mwenyewe, mlangoni kwangu. Yeyote aje aone."

"Na mama huyu yuko wapi tumsikie?"

"Hakuweza kuja," Mkono Mwepesi alijibu. "Ili aje hapa, ni lazima avuke mtaro huohuo."

Kicheko kikakatika. Ofisa alimwangalia, kisha akaomba video irudiwe. Kesho yake alikuja mwenyewe na wapimaji. Alivuka ule ubao akiwa ameshika ukuta kwa mikono miwili.

Sheria ilipopitishwa, wifi aliisoma redioni. Familia nzima ilikaa kuisikiliza. Alipofika kwenye maneno "pamoja na mitaro ya mitaa ya ndani inayokatiza njia ya waenda kwa miguu", aliyasoma mara mbili. Maneno hayo hayakuwa kwenye tangazo la kwanza. Yalitoka kwao. Mkono Mwepesi alilia bila kuficha, na mume wake akamwambia, "Lia tu, mke wangu. Leo nami natembea kifua mbele."

Mafundi walikuja na vifuniko vya zege, wakavipanga kimoja baada ya kingine. Siku walipomaliza, mlango wa nyumba ulifunguliwa. Mama mkwe akatoka na fimbo yake. Hakuna aliyemshika mkono. Mteja aliyekuwa kitini aligeuka kutazama. Fundi viatu aliacha nyundo. Mkono Mwepesi alisimama na kitana hewani, kifua kimemjaa fahari.

Mama mkwe alifika katikati ya kifuniko, akasimama, akawatazama wote.

"Mnashangaa nini?" akauliza. "Hamjaona mtu akitembea juu ya sheria yake?"

Kisha akaendelea na safari yake, wala hakusema anakwenda wapi.