Chumba cha Milango Miwili

Doris, rafiki yetu wa Soweto, hataki tena kusikia habari za ile bustani ya vipepeo kule Kilema. Alikwenda na mwenzake wa kwaya, Mektrida. Njia ya kutokea ilipitia kijichumba chenye giza totoro katikati ya milango miwili, ambamo wageni hupangusana mgongo ili kipepeo asitoroke.

Doris alitangulia. Huko darini kitu kilipiga mabawa, mlio mzito kama wa mtu anayekung'uta shuka. Kisha mkono ukampangusa mgongoni, taratibu.

"Inatosha, Mektrida."

"Doris, mlango umegoma! Nifungulie!" Mektrida aliita kutoka bustanini.

Walipofika nje, Mektrida aliitazama blauzi nyeusi ya mwenzake mgongoni. Unga wa mabawa ulikuwa umechora mkono: kiganja shingoni, vidole vikishuka hadi kiunoni.