Namba Tisa Aliitika

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, askari wa zamu ya usiku alifungua seli namba tisa, ya mwisho koridoni, akamkuta mfungwa ameketi ameegemea ukuta, mdomo wazi, amekauka kama kuni. Saa tatu mpelelezi alikuwa ameshafika. Idara yake ilikuwa na mtu mmoja, yaani yeye mwenyewe, na nchi nzima ilikuwa na gereza moja, kwa hiyo hakuuliza njia.

"Ni pumu," daktari alimwambia. "Lakini amekufa jana mchana, kama saa nane. Si usiku."

"Daftari linasema saa kumi na moja jioni aliitika."

"Basi kaliulize daftari."

Mpelelezi hakuwa mtu wa kuamini mizimu.

Utaratibu aliujua. Zamu zikibadilishana jioni, anayetoka hupita koridoni akiita namba. Anayeingia hubaki kwenye geti la chuma, akiweka alama kila sauti inapoitika. Kanuni inataka askari watatu. Jana walikuwa wawili, maana askari wenyewe hawatoshi. Na korido ilipinda, kwa hiyo mtu wa getini hakuziona seli za mwisho.

Aliyetoka jana alikuwa Sajini. Aliyeingia alikuwa huyu mzee wa usiku, aliyebakiza miezi miwili astaafu. Kwa alama zake alikuwa amepokea watu tisa wazima. Kama mmoja alimfia kwa uzembe, angestaafia ndani ya seli.

"Afande, nilimsikia kwa masikio yangu," alisema. "Akakohoa kama kawaida yake, akaitika. Leo naambiwa nilipokea maiti?"

"Usiku hukumchungulia?"

"Taa ya kule imeungua. Nilimwona ameketi, nikadhani amesinzia."

Jibu hilo halikumsaidia. Sajini naye alitikisa kichwa kwa huzuni. "Huyu mzee analala fofofo, kila mtu anajua. Mimi nilikabidhi watu tisa."

Ndani ya seli, bakuli la chakula cha mchana lilikuwa halijaguswa. Dawa ya pumu ya kuvuta, ambayo nesi alimpa mfungwa Jumatatu, haikuwepo.

Mpelelezi akaingia seli ya nane, kwa mfungwa mkongwe waliyemwita Babu Redio kwa kuwa hakuna habari iliyompita.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata habari za maiti aliyeitika."

"Ulimsikia?"

"Mchana aligonga ukuta, akigonga tu. Nikapiga mlango, hakuja mtu. Saa nane akanyamaza. Jioni akaitwa, nikasikia kikohozi, akaitika. Nikashukuru Mungu, nikamgongea. Hakunigongea tena. Usiku kucha sikufumba jicho."

"Aliitikaje? Nipe neno lenyewe."

"'Tayari, afande.'" Babu Redio akakunja uso. "Ajabu. Sisi huku tunasema 'nipo'."

Saa sita mchana mpelelezi aliwapanga askari wote uani, akawaita kwa namba zao za kazi. Kila mmoja aliitika, "Tayari, afande." Sajini aliitika kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Sajini, mfungwa wa seli ya tisa alijifunza wapi neno hilo?"

Mpelelezi akamkaribia.

"Ni la gwaride la askari. Jana jioni askari walikuwa wawili. Mmoja alikuwa getini. Koridoni alikuwa nani?"

Kabati la Sajini lilipofunguliwa, dawa ilikuwa humo, imefungwa kwenye leso.

Sajini aliketi chini. "Alinijibu ovyo. Nikamnyang'anya, saa moja tu, apate adabu. Nikapitiwa. Niliporudi alikuwa ameshakwisha."

"Ukakohoa kama yeye."

"Mkuu wa gereza anaondoka mwezi ujao. Kiti ni kimoja nchi nzima, afande. Nimekingoja miaka kumi na tisa."

Askari mzee alilia mbele ya wote, wala hakujifuta.

Mahakama iliamuru Sajini awekwe rumande. Rumande ya nchi ilikuwa korido ile ile, na seli iliyokuwa tupu ilikuwa moja.

Kesho yake, saa kumi na moja jioni, askari mzee alisimama getini na daftari lake. Mwenzake akaita hadi nane.

"Tisa."

Kisha kikohozi, kisha ile sauti ya juzi.

"Tayari, afande."

Kalamu ya mzee ilisita juu ya karatasi. Babu Redio akawaambia wafungwa wenzake kutoka seli ya nane, taratibu:

"Mwambieni, wadogo zangu. Huku tunasema 'nipo'."