Rangi Iliyomshika Profesa

Bodi ya bunduki ilikuwa na joto, ingawa ilikaa kivulini tangu asubuhi. Fundi bunduki akasema ni jua. Jua gani, jamani, na dirisha limefungwa? Lakini huyu ndiye waliyemwita Profesa, kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kutamka "sijui".

Bunduki ililetwa na mjane wa mwindaji. Bodi yake ilikuwa ya aloi ya aluminiamu, nyeusi, ila rangi ilibanduka pale marehemu alipozoea kushika.

"Fundi, paka juu kwa juu tu," mjane alinong'ona. "Usiikwangue ikabaki uchi. Marehemu alisema mna mtu mle."

"Mama, unanifundisha kazi?" Profesa akacheka mpaka kitambi kikacheza.

Akaikwangua kwa msasa. Kisha akaipaka dawa ya kutia chuma weusi, na hata muuza misumari anajua dawa ile haishiki aluminiamu. Ikachemka, ikatoa unga mweupe na harufu ya jasho la mgonjwa. Mwenye akili angefuta kwa kitambaa na spiriti. Yeye alitema mate, akasugua kwa kidole gumba, ndio mtindo wake mchafu huo, halafu akapuliza rangi ya kopo.

Kesho yake rangi ilikuwa imebanduka kwa umbo la kidole gumba. Na kidole gumba chake kilikuwa cheusi tii, kinang'aa.

"Mume wangu, hiyo nini?" mkewe akauliza kwa sauti ya chini.

"Rangi. Itatoka."

Wapi!

Mganga alikuja, akaunusa mkono, akarudi nyuma. "Umemvua nguo, kisha ukamkaribisha kwa mate. Kinywa kilichomwita ndicho kitakachomfukuza. Nenda kwa mjane ukaseme: kazi hii siijui."

"Mimi? Mbele ya mwanamke?"

Hebu msikieni! Mkono unaondoka, yeye anachunga heshima.

Weusi ukapanda, ukavuka kiganja, ukameza kifundo, na kila ulipopanda mkono ulizidi kuwa baridi na mzito, ukigonga meza unalia kama sufuria, na mkewe akimpitia karibu anasikia ndani ya mfupa kitu kinavutwa, kinaachiwa, kinavutwa tena, kama mtu anayejaribu mtambo wa bunduki bila haraka yoyote, mpaka ulipofika kwenye kiwiko ndipo Profesa, jitu zima lile, akaangua kilio.

"Nipeleke kwa mjane," akamnong'oneza mkewe. "Nitasema."

Wakaenda. Mjane akafungua mlango, na Profesa akafungua kinywa.

"Mama, kazi hii mimi si..."

Ka-chak! Ndani ya kiwiko kitu kilijikoki. Mkono ukainuka wenyewe, kidole cha shahada kikanyooka, kikatulia kwenye paji la uso la mkewe. Profesa akafumba mdomo. Mkono ukashuka kidogo, ukangoja.

"Unasemaje, fundi?" mjane akauliza.

"Nasema," akajibu, machozi yakimchuruzika hadi shingoni, "kazi hii naijua."