Saini ya Namba Nne

Sista Shagufta alipitisha kitambaa juu ya kioo cha inkubeta namba nne, lakini ukungu haukutoka. Akafuta tena. Ndipo alipogundua kuwa ukungu uko upande wa ndani, kama wa pumzi ya mtu aliyesogea karibu na dirisha. Mashine hiyo ilikuwa imekufa tangu Septemba. Waya wake wa umeme ulikuwa umeviringishwa na kutundikwa msumarini, na aliyeutundika ni yeye mwenyewe.

Akanyamaza. Wadi ya watoto wachanga ya hospitali ya mji mdogo wa Kot Sarmast ilikuwa na inkubeta nne za kuwapa joto watoto njiti, tatu nzima na moja maiti, na yeye, mkuu wa wadi, hakuwa na muda wa kushangaa ukungu.

Tena alikuwa na sababu ya kunyamaza. Serikali ilikuwa imeipa kampuni moja ya mjini zabuni ya kutunza mashine zote za hospitali, na kila mwezi fundi wa kampuni, kijana mpole aitwaye Mazhar, alikuja na fomu. Kila mashine ina mstari wake, na kila mstari unataka saini ya mkuu wa wadi: inafanya kazi, au haifanyi. Ukiandika haifanyi, kampuni inapoteza alama, na hospitali nayo inaandikiwa barua za kujieleza hadi watu wanachoka kujieleza. Kwa hiyo Mazhar huja na sambusa za moto, hufunika mstari wa nne kwa kidole na kusema, "Sista, kipuri kiko njiani. Tuandike tu inafanya kazi, tusisumbuane." Shagufta, mwanamke wa swala tano, alikuwa amesaini miezi minne mfululizo. Hakuona dhambi. Karatasi tu.

Januari ikaja na baridi yake na mgao wa umeme. Mchana mmoja umeme ulikatika, mashine tatu zikazima, na kabla jenereta haijawashwa, katika ule ukimya, ukasikika mvumo. Mdogo, uliotulia. Ulitoka namba nne. Harufu ya maziwa yaliyoungua ikaenea wadini, na kwenye kisanduku cha kupimia joto tarakimu nyekundu zikawaka: thelathini na saba.

"Sista, unasikia?" Kiran, muuguzi mwenzake, alinong'ona.

"Sisikii kitu. Fanya kazi."

"Waya uko msumarini, Sista! Wallahi uko msumarini!"

"Kiran, mdomo huo utatuponza."

Wiki hiyohiyo Rubab, mke wa mwana wa pekee wa Shagufta, baada ya mimba tatu kuharibika, akajifungua mtoto wa kiume wa miezi saba. Shagufta alimpokea kwa mikono yake, akalia kwa furaha bila kujificha, akamlaza namba mbili.

Siku ya tatu, saa nane mchana, umeme ukakatika tena. Jenereta, ambayo nayo ilikuwa na saini safi kwenye fomu, ikakohoa mara mbili ikazima. Mama wengine wakawapachika watoto wao vifuani, na watoto wakapata joto. Wa Rubab, hata kifuani kwa mama yake, akazidi kupoa.

"Mama, midomo imekuwa ya bluu," Rubab alisema kwa sauti iliyokauka. "Mama, wewe ndiye mkuu hapa. Fanya kitu!"

Shagufta alimchukua mjukuu wake, akageuka, akaitazama namba nne ikivuma peke yake na waya wake msumarini, akajua kabisa anachokwenda kufanya na akajua kwamba hapaswi kukifanya, lakini miguu ilikwishatangulia, na alipofungua kile kidirisha hewa ya joto ikamgusa usoni mithili ya pumzi kutoka kinywani, na godoro lile dogo lilikuwa tayari limebonyea, kana kwamba kuna aliyejisogeza kumpisha mtoto, na alipotaka kusema bismillahi akaitafuta mdomoni mwake mwenyewe asiipate.

Mtoto akarudiwa na rangi. Akalala.

Umeme uliporudi wakamhamishia namba mbili. Akapoa. Wakamweka kifuani kwa mama yake, chini ya malihafu mawili mazito ya pamba. Akapoa. Mara tatu walimtoa, mara tatu wakamrudisha mbio, na kila akirudi, mvumo ulishuka kidogo, kama mtu anayecheka chinichini.

Shagufta akamwita Bibi Mehtab, mtoa majini, aliyeingia na buibui lake kama mtu aliyekuja kutazama mgonjwa. Bibi alifukiza mbegu za harmali, dawa ya kufukuzia majini, kwenye kopo. Moshi wote ukaingia ndani ya mashine, na haukutoka.

"Nani kamkaribisha?" aliuliza.

"Hakuna, Bibi. Nani atamkaribisha jini?"

"Usinidanganye, mwanangu. Huyu kakuta kitu kimekufa, na mtu akashuhudia kwa mkono wake kuwa ki hai. Umeshuhudia mara ngapi?"

Shagufta akainama. "Mara nne."

"Basi mimi namtoa mvamizi. Mgeni aliyealikwa simuwezi. Andika ukweli, ataondoka."

"Na mtoto?"

Bibi Mehtab alichukua kopo lake. Akaondoka bila kumtazama usoni.

Alhamisi Mazhar akaja na fomu na sambusa. Kidole kikaenda mstari wa nne. Shagufta akakiondoa, akashika kalamu, akaanza: haifa—

Nyuma yake mvumo ukashuka.

"Sista, thelathini na tano," alisema Kiran. "Thelathini na tatu. Sista!"

Rubab alikuwa akipiga kioo kwa viganja. Shagufta alilifuta lile neno, akaandika inafanya kazi, akasaini, na saini haikuwahi kumtoka nzuri vile. Mvumo ukarudi. Akakaa sakafuni akalia.

"Pole sana, Sista," alisema Mazhar, akidhani analilia ugonjwa wa mtoto. "Mungu atamponya. Na usiogope mambo ya mashine, tutakuwa pamoja. Serikali imetuongezea mkataba miaka mitatu."

Shagufta hakuinua kichwa. Yeye alikuwa anastaafu mwezi wa Machi. Mkuu mpya wa wadi alikwisha kuteuliwa, mwanamke kutoka mji wa Multan, na hospitali nzima ilikuwa ikimsifu: katika kazi yake yote, hajawahi kusaini uongo.