Aliyerudi na Ramani ya Makaburi

Siku ya pili tangu Gervas arudi kutoka Misri, Genoveva aligundua kwamba mumewe hali chumvi. Gervas alionja mchuzi wa samaki, akaweka kijiko chini taratibu, akaomba apikiwe mwingine usiotiwa kitu. Gervas huyu huyu aliyekuwa akinyunyizia chumvi hata embe bivu! Genoveva akacheka, akampikia. Wiki sita alizokaa peke yake katika fleti yao ya Silver Spring, huko Marekani, zilikuwa zimemchosha. Hakutaka kuanza na maswali.

Gervas alikuwa mchora ramani. Mwanzoni mwa mwaka ule wa 1998 alichukuliwa na kikundi cha watafiti wa mambo ya kale kwenda kupima makaburi ya jangwani, shimo kwa shimo, kisha arudi ayaingize kwenye kompyuta. Sasa alishinda mbele ya kompyuta hiyo kutwa, akiweka nukta moja baada ya nyingine, wala hakulitazama daftari lake la vipimo hata mara moja. Chumba kilinuka vumbi kavu na ubani, na Genoveva alipofungua dirisha harufu ikazidi.

Jumamosi wakaenda makumbusho mjini, kama walivyozoea. Gervas akasimama mbele ya jeneza la mbao lililopakwa rangi. Zamani alikuwa akimwambia mkewe kwamba maandishi yale ya ndege na macho yanamshinda hata herufi tatu. Siku hiyo aliyasoma yote kwa sauti ya chini, kwa lugha ambayo Genoveva hakuwahi kuisikia, huku machozi yakimtiririka.

"Umejifunza lini?" Genoveva alinong'ona.

"Mwenye jeneza hili alikuwa seremala," Gervas akajibu. "Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukitetemeka. Hilo hawakuliandika."

Jumatatu kazini, Genoveva alimvuta pembeni Bi Sikujua, mama wa Tanga aliyekuwa akihudumia wazee pamoja naye huko Annandale, ambaye Watanzania wengi walimwendea kwa dua na kombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini.

"Usingizi analala?" Bi Sikujua aliuliza.

"Halali. Anakaa tu, Bi Sikujua."

"Na wewe anakuitaje?"

"Veva, kama kawaida. Ila ananiita kama mtu anayeomba maji."

Bi Sikujua akamshika mkono. "Nitakuja Jumapili, mwanangu. Usimwambie."

Jioni hiyo Genoveva aliitazama ramani. Nukta zote zilikuwa nyeusi, isipokuwa moja nyekundu, peke yake, kando kabisa.

"Hii ya nini?"

"Hapo ndipo alipoangukia," Gervas akasema.

"Nani?"

Akaendelea kuweka nukta, na Genoveva akabaki amesimama nyuma ya kile kiti, akilitazama kovu la kisogoni alilolijua kwa miaka tisa, akitambua kwamba mabega yale hayapandi wala hayashuki, kwamba tangu alipoingia chumbani pumzi iliyokuwa ikisikika ni ya mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe, na alitaka kukimbia lakini zaidi ya kukimbia alitaka, Mungu amsamehe, kuweka mkono wake juu ya kovu lile.

Jumapili baada ya adhuhuri Bi Sikujua alifika. Alisoma aya zake na kunyunyiza maji ya kombe. Hapakuwa na kelele wala kugaragara. Yule aliyekaa kitini alisikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa.

"Lilikuwa shimo la mwisho, siku ya mwisho," alisema polepole. "Wenzake walikuwa wakifunga mizigo kambini. Ukingo ukamomonyoka, akavunjika mgongo. Alikuita mpaka alfajiri. Karne nyingi sijasikia mtu akiitwa hivyo. Nikavaa sura yake nije nimwone mwenye jina."

"Mbona hukumwokoa?" Genoveva aliuliza.

"Sisi tunaokaa makaburini hatukupewa uwezo wa kuwanyanyua walio hai." Akainua macho. "Niache nikae, Veva. Nitajifunza kula chumvi."

Bi Sikujua akamgeukia Genoveva. "Asiyepigana mimi siwezi kumtoa. Mkatae wewe, mara tatu. Ukishindwa, atakaa."

Genoveva akasema ondoka. Akasema tena, akilia. Kisha akaikodolea macho ile nukta nyekundu, mpaka Bi Sikujua akaanza kutikisa kichwa kwa huzuni. Akamsogelea yule wa kitini, akamshika shavu, lililokuwa baridi kama jiwe la kivulini, akasema kwa mara ya tatu, polepole, kama anavyoagwa mgonjwa. Kiti kikawa kitupu, mkono wake ukabaki hewani.

Alimpigia simu kiongozi wa wale watafiti, akamsomea tarakimu za nukta nyekundu. Mtu yule akapinga. Gervas alirudi nao katika ndege moja, wote walimwona. Hata hivyo akawaagiza vibarua wake wa kule wachimbe.

Baada ya wiki moja akapiga mwenyewe. Walikuwa wamempata, pasipoti ikiwa mfukoni.

"Mama, kuna jambo hatulielewi. Amelazwa amenyooka, mikono kifuani. Kuna mtu amempangusa uso, akamzungushia vitambaa toka vidoleni hadi shingoni, tabaka juu ya tabaka, kama walivyofanya wale wa kale. Hakuna mtu aliye hai leo anayeijua kazi ile namna hiyo."

Genoveva akaweka simu chini, akamlilia mumewe. Kisha, bila kumwambia hata Bi Sikujua, akamlilia na yule mwingine.